Kona ya Katuni, Sehemu ya Tisa: Mgeni Aliyekuja Kusaini Jina Lake

Droo ilikuwa tupu.

Hapo ndipo nilipowakatia Jumamosi iliyopita, na najua mmenisema. Kuna mama mmoja wa Ikungi kanitumia ujumbe kwamba chapati zake zimeungua akiliwaza lile daftari. Pole sana, mama. Twende.

Kwa wewe unayetufungua leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Radhia Amri ana duka la vitabu vya katuni nyuma ya soko, Singida mjini. Miaka kumi na minne iliyopita, akiwa kidato cha nne, alibuni na kuchora hadithi ya msichana anayeshuka kwenye machimbo ya zamani ya dhahabu kumtafuta baba yake. Akamwita Binti Sekenke, kwa jina la machimbo hayo. Madaftari matatu ya michoro ile yakapotea nyumbani kwao, na asijulikane aliyeyachukua.

Miaka miwili baadaye yakatokea madukani yakiwa vitabu vitatu vyenye rangi safi. Jina kwenye jalada lilikuwa Calist Gervas, fundi wa kuandika mabango aliyepanga chumba jirani na kwao.

Leo Calist ni mtu mkubwa. Ana vitabu tisa, na mjini Dar es Salaam watu humsimamisha barabarani. Radhia alimwalika Singida kusaini vitabu, kwa barua yenye jina la duka tu. Alitaka amfikishe mbele ya wasomaji, kisha amvue nguo hadharani.

Silaha yake ilikuwa moja, daftari la nne, ambalo Calist hakuwahi kulipata. Jana jioni alilifungia kwenye droo ya kaunta. Leo saa nne kasorobo asubuhi kavuta droo, na ndani hamna kitu.

Nje, gari jeupe likazima injini.

Radhia akapapasa tena, mpaka kwenye kona. Akapata kibanio cha nguo na ganda la alizeti.

"Umepoteza nini, mwanangu?" akauliza Mzee Melkizedeki.

Huyu mzee hutoka Sepuka kila Jumamosi. Ana miaka sitini na mbili, ana ng'ombe saba, na miwani yake imefungwa uzi sikio la kushoto. Hupanda basi la asubuhi, hukaa kwenye benchi la mbele, na husoma mpaka adhuhuri. Mkewe anadhani anakuja kliniki.

"Hakuna kitu, mzee," Radhia akasema. "Mgeni kafika."

Duka lenyewe si kubwa. Ni fremu moja aliyoachiwa na marehemu baba yake, aliyekuwa akiuza khanga na vitenge. Zile nyaya alizoning'inizia vitenge ndizo zinazoning'iniza katuni sasa, kila kitabu na kibanio chake, maana upepo wa Singida haumwogopi mtu. Humu ndani hafukuzwi mtu anayesoma bila kununua. Unaleta viwili ulivyokwisha kuvisoma, unaondoka na kimoja usichokijua. Na Radhia hukumbuka. Ukiingia mara ya pili atakuambia, "Yule mganga uliyemwacha kisimani ametoka, njoo uone."

Asubuhi hiyo waliingia watu zaidi ya sitini. Waliobaki walisimama barazani wakichungulia. Walikuwepo wauza vitunguu, wanafunzi wa chuo, madereva wa bajaji, na akina mama wawili waliofunga mgahawa wao kabisa. Wote walikuwa wameshika Binti Sekenke mkononi, vingine vimechakaa mpaka majalada yameshonwa.

Calist akaingia wakapiga makofi.

Alivaa koti la kahawia na viatu vinavyong'aa. Nyuma yake alikuja mwanamke wa kama miaka thelathini, amebeba begi kubwa la ngozi, macho chini. Calist hakumtambulisha. Alimwonyesha kwa kidole pa kukaa, naye akakaa.

Kisha Calist akamfuata Radhia pale kaunta, akampa mkono, akainama kama mtu anayesalimia kwa heshima.

"Hongera kwa duka, Radhia," alisema taratibu.

"Umenitambua."

"Nimejulishwa." Alitabasamu kwa ajili ya watu. "Na usihangaike na droo. Kilichokuwemo kiko mikononi mwangu."

Radhia hakuuachia ule mkono.

"Nani kakupa?"

"Mtu mwenye akili kuliko wewe. Muulize aliyekuzaa."

Akauvuta mkono wake, akawageukia watu, akawapungia.

Nyuma ya duka kuna chumba kidogo cha stoo. Mama Kuluthumu alikuwa humo, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anapanga vikombe vya kahawa kwenye sinia. Radhia akafunga mlango. Hakupaza sauti. Wanaomjua wanasema ni afadhali apaze.

"Mama, asubuhi ulikwenda wapi?"

"Sokoni."

"Mama."

Kikombe kikagonga kikombe.

"Nilikwenda pale gesti alipofikia," Kuluthumu akasema. "Nilikwenda kumwomba akuache. Nikamwambia binti yangu ana neno na wewe, usije kumwaibisha. Akacheka. Akasema ukitamka jina lake vibaya mbele za watu atakushtaki, na hili duka litafungwa na kufuli la mahakama. Akasema nikimpa la nne atasahau yote. Nikachukua ufunguo wako wa droo, nikampelekea."

"La nne. Alijuaje kwamba lipo la nne?"

Mama akasogeza vikombe kwenye sinia.

"Mama, alijuaje? Mimi sijawahi kumwonyesha mtu. Yale matatu yalikuwa chini ya godoro langu. Aliyeyachukua alijua godoro langu."

Kuluthumu akaweka sinia chini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye madaha, aliyezoea kujibu. Sasa alifunga ushungi na kuufungua, akaufunga tena.

"Nilimpa mimi," alisema.

Radhia akaegemea mlango.

"Baba yako alikuwa kitandani, hajui usiku wala mchana. Ulikuwa na mchumba, mtu wa heshima, watu wake wakaja wakakukuta na wino mpaka kwenye kope. Wakaondoka. Nikasema hizi picha ndizo zinazomla mwanangu. Calist alikuwa pale kibarazani, ananiambia mama, hizi zinafaa, nipe mimi nizipeleke mbali. Nikampa, nikamwambia la nne unalo shuleni. Nilikuwa nataka ziende, Radhia. Sikujua zitarudi na jina lake."

"Zilirudi miaka kumi na miwili iliyopita."

"Ndiyo."

"Nikalia hapo nyumbani. Ukanipikia uji. Ukanishika kichwa, ukaniambia Mungu atamlipa mwizi."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mwizi nimekuwa nikila naye sahani moja."

Kuluthumu akaanza kulia bila sauti. Radhia alimtazama mpaka akaona hana analolisubiri pale. Kisasi alichokibeba miaka yote hii kilikuwa na sura moja, yenye masharubu. Sasa kilikuwa na sura mbili, na ya pili ndiyo iliyomzaa.

"Leo siwezi kukusamehe, mama," akasema. "Huenda siku ikafika. Kahawa itapoa, wapelekee watu."

Akafungua mlango, akatoka.

Mbele, Calist alikuwa amekaa kwenye meza iliyotandikwa kitambaa cheupe, kalamu imefunguliwa, foleni imeshaanza kujipanga. Alipomwona Radhia aliinua nyusi kidogo, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

Radhia hakuwa na daftari wala shahidi. Alikuwa na duka tu.

Akapanda juu ya benchi.

"Jamani, kabla hajasaini," alisema, "mgeni wetu hajui desturi ya humu. Nani amwambie?"

"Ukuta," wakajibu watu kama ishirini.

Ndiyo, ukuta. Ukuta wa kushoto wa Kona ya Katuni umepakwa chokaa, na kila anayeingia kwa mara ya kwanza huchora kitu. Kuna jogoo, kuna matreni, kuna uso wa mkuu fulani wa ofisi ambao hatutautaja. Hujui kuchora, unachora hivyo hivyo. Watu huja kutoka Manyoni na Kiomboi kuonyesha wenzao walichokichora mwaka juzi.

Calist akatabasamu. "Mkono wangu unauma, ndugu zangu. Safari ndefu."

"Mwanangu, hata mimi nimechora pale," Mzee Melkizedeki akasema kwa upole. "Yule ng'ombe ni wangu. Wanasema ni mbuzi, lakini nimechora."

Watu wakacheka. Kijana mmoja wa chuo akasema, "Braza, mtie hata jicho tu huyo Binti, tupige picha."

Hapakuwa na namna. Calist akainuka. Radhia akampa maka peni nyeusi, nene, akasimama hatua moja nyuma yake.

Simu zikainuliwa.

Calist akaweka maka peni ukutani. Akaandika B kubwa yenye mkia. Akaandika I. Herufi zikatoka safi, zimenyooka, mviringo wake kama umepigwa na bikari, maana huyu ni fundi mabango, na herufi hazijamkimbia. Akaandika BINTI SEKENKE, akatia kivuli chini, akaweka saini yake, akafunika maka peni.

"Haya," alisema.

"Na yeye mwenyewe yuko wapi?" akauliza mama mmoja wa mgahawa.

"Nani?"

"Binti."

Calist akapangusa jasho kwa leso. "Siku hizi kazi ni kubwa. Nina watu wananisaidia. Mimi ndiye mwenye wazo."

Minong'ono ikaanza. Radhia akachukua maka peni kutoka mkononi mwake. Hakuomba.

Alianza na nywele, zile nyuzi tatu zinazotangulia upepo. Akashuka bega. Akachora mgongo wa msichana anayeshuka ngazi ya miti, taa ya karabai mkono mmoja, mguu mmoja hewani unatafuta pa kukanyaga. Hakuinua mkono. Hakuitazama picha yoyote. Watu waliokuwa barazani wakaacha kusukumana. Alipomaliza, alisogea pembeni, na Binti Sekenke alikuwa pale, mkubwa kuliko wote walivyowahi kumwona.

"Huyu nilimchora mimi nikiwa na miaka kumi na minane," Radhia akasema. "Nyumba ya tatu kutoka hapa. Vitabu vitatu vya kwanza ni madaftari yangu. Huyu bwana aliyachukua, akaandika jina lake. Ninyi mnajua ninavyompenda huyu Binti. Sasa mnajua kwa nini."

Msomaji, ungetegemea kishindo. Hakikutokea.

Calist alikuwa anapiga makofi, polepole, peke yake.

"Anachora vizuri," alisema. "Mpigieni makofi. Mtu akisoma kitabu miaka kumi na miwili, akakinakili kila siku, lazima aweze. Dar ninao vijana hamsini wanaochora hivi, na kila mmoja anasema Binti ni wake. Dada Radhia, nimetoka mbali kukutembelea. Kama una ushahidi, utoe. Kama huna, niombe radhi mbele ya hawa watu, tuendelee."

Watu wakamtazama Radhia.

"Sista, unao?" kijana wa chuo akauliza.

Radhia alimwona muuza vitunguu akikunja uso. Alimwona mama wa mgahawa akishusha simu. Walikuwa wateja wake, na walikuwa wanaondoka mioyoni mwao huku miguu ingali imesimama.

"Unalo wewe," akamwambia Calist.

"Mimi?" Calist akacheka, akawageukia watu. "Sasa mnasikia wenyewe."

"Anasema kweli. Liko humu."

Sauti ilikuwa ngeni. Kila mtu aligeuka.

Ni yule mwanamke aliyebeba begi. Alikuwa amesimama, begi limefunguliwa, na mkononi ameshika kaunta buku ya zamani yenye jalada jeusi lililochanika pembeni.

"Redempta, kaa chini," Calist akasema.

"Nimekaa miaka minane."

Akasogea mpaka ukutani. Akamwomba Radhia maka peni kwa kunyoosha kiganja. Kwenye kidole chake cha kati palikuwa na sugu, na wino ulioingia ndani ya ngozi usiotoka kwa sabuni. Radhia alikuwa na sugu kama ile, mahali pale pale.

Redempta akachora karibu na Binti wa Radhia. Alichora Binti yule yule, ila mtu mzima, ana kovu shavuni, kama anavyoonekana kwenye kitabu cha nne na kuendelea. Dakika mbili. Mstari haukutetemeka.

"Kuanzia cha nne mpaka cha tisa nimechora mimi," aliwaambia watu. "Chumbani kwake, mlango umefungwa ili wageni wasinione. Aliniambia vile vitatu vya kwanza alichora mwenyewe, kabla mkono haujaumia. Nikajifunza kwa kuvinakili. Asubuhi hii akanipa hili daftari nilifiche kwenye begi. Nimelifungua wakati ninyi mnautazama ukuta." Akageuka kwa Radhia. "Nimekuwa nikiuiga mkono wako miaka minane, dada. Hata mahali unapokosea vidole. Nikajua palepale."

Calist akauendea ule mkono wenye daftari. Hakufika. Mzee Melkizedeki, bila haraka, alinyoosha fimbo yake ikawa katikati.

"Acha tusome," alisema. "Hapa ndipo mahali pa kusoma."

Akavaa miwani, akafunga uzi sikioni, akapokea daftari. Watu wakamwachia nafasi karibu na dirisha.

"Imeandikwa hapa, Radhia Amri, Kidato cha Nne. Somo, Baiolojia." Akafunua. "Hii ni mizizi. Hili ni jani. Huyu ni chura, amechorwa nusu. Halafu..." Akalisogeza daftari karibu na miwani. "Halafu ndiye huyu Binti, na karabai yake. Na juu ya nywele kuna wino mwekundu wa mwalimu."

"Unasemaje?" wakauliza.

Mzee akasoma kama anavyosoma somo kanisani, kituo kwa kituo. "Radhia, hili ni daftari la Baiolojia. Nilikuagiza moyo wa chura, si msichana wa machimboni. Hii ni mara ya tatu. Kamwite mzazi. Tarehe kumi na moja, mwezi wa pili, elfu mbili na kumi na moja."

Kijana wa chuo alikuwa tayari amefungua ukurasa wa mbele wa kitabu cha kwanza. "Hiki kimechapwa elfu mbili na kumi na tatu," alisema.

Safari hii hawakunong'ona. Mtu mmoja barazani akasonya, mwingine akadakia, na duka zima likajaa kusonya. Kama hujawahi kusonywa na watu sitini kwa pamoja, omba yasikukute.

Calist akachukua koti lake lililokuwa kwenye kiti.

"Mlango uko wazi," Radhia akamwambia. "Hakuna atakayekugusa, hilo naahidi. Lakini kuna simu hapa zimechukua kila kitu, toka herufi zako za mabango. Ukitoka sasa hivi, nazo picha zinatoka mitandaoni sasa hivi, na kila mtu ataamua mwenyewe wewe ni nani. Au unakaa, unamaliza kazi uliyokuja kuifanya."

"Kazi gani?"

"Ulikuja kusaini vitabu. Saini."

Calist hakuelewa. Radhia akamvutia kiti, akakipangusa kwa ncha ya ushungi wake, kwa adabu zote za mwenye duka.

"Kata jina lako kwenye jalada. Mstari mmoja, usichane karatasi. Andika la kwangu juu yake, kwa hizo herufi zako nzuri. Radhia Amri. Kuanzia cha nne, andika mawili, la kwangu na la Redempta, maana hadithi ni yangu na mkono ni wake. Kitabu kwa kitabu, mpaka foleni iishe."

"Vyote?"

"Vyote vilivyomo humu ndani. Na watakaoleta vya nyumbani, tutawasubiri."

Calist aliangalia mlango. Aliangalia simu. Koti likamtoka mkononi.

Akakaa.

Wa kwanza alikuwa mama wa mgahawa. Aliweka vitabu vinne mezani, akavinyoosha vizuri, akasema, "Usiharakishe, baba."

Radhia alisimama nyuma ya bega la Calist. Alitaka kuona kila jina. R kubwa, A, D. Alikuwa ameisubiri saa hii tangu ana miaka ishirini. Watu humwambia mtu kwamba kisasi kikifika mdomoni huwa kichungu. Radhia alikionja na hakikuwa kichungu hata kidogo. Kilikuwa kitamu kama muwa, naye aliutafuna kifundo kwa kifundo.

Kitabu cha kumi na saba, Calist akaandika Radia.

"Rudia," akasema Radhia. "Lina H."

Akarudia.

Jua likapanda juu ya paa la mabati. Wauza vitunguu walikwenda nyumbani wakarudi na vitabu vya watoto wao. Madereva wa bajaji wakaanza kuleta watu waliosikia habari stendi. Calist aliandika, shingo imelowa, kidole kinaanza kufanya sugu ambayo hakuwahi kuwa nayo.

Kwenye foleni, nyuma ya wanafunzi wawili, alisimama Mama Kuluthumu. Alikuwa ameshika kitabu cha kwanza. Zamu yake ilipofika alikiweka mezani na kusubiri. Calist akamtazama kwa macho ya kuomba msaada, kama mtu aliyewahi kushirikiana naye jambo.

"Andika jina la mwanangu," Kuluthumu akamwambia.

Akaandika. Kuluthumu akakichukua, akakisoma jalada kwa muda mrefu, midomo ikitembea. Akainua uso kumtafuta Radhia. Radhia alimwona. Akageuza macho, akaita, "Anayefuata."

Ilipofika saa nane mchana, Redempta akamgusa Radhia kiwiko, akamvuta mpaka kwenye kona ya stoo. Alikuwa ameshika kitabu cha tisa.

"Wewe umemaliza naye, dada?" aliuliza.

"Bado vitabu thelathini."

"Mimi sijaanza."

Alisema hivyo taratibu sana, na Radhia akamtazama upya mwanamke huyu mnyonge aliyeingia na macho chini.

"Nilipokubali kuja Singida, sikuwa najua habari zako," Redempta akaendelea. "Nilikuja na langu. Umewahi kusoma ukurasa wa kwanza wa vitabu vyake? Kabla ya hadithi?"

"Nilikuwa nauruka."

"Soma."

Radhia akafunua. Katikati ya ukurasa mweupe kulikuwa na maneno machache. Kwa marehemu mama yangu mpendwa, Cecilia, aliyefariki nikiwa mdogo na kuniachia kalamu. Akafunua cha nane kilichokuwa karibu. Yale yale. Cha sita, yale yale.

"Watu wengi wanampendea haya maneno," Redempta akasema. "Analia anapoyasoma redioni. Mimi mwenyewe yalinifanya nikae naye. Mwezi uliopita nikafungua simu yake kutafuta namba ya kiwanda cha uchapaji. Nikakuta ujumbe kutoka Itigi. Nimeusoma mpaka naujua kwa kichwa. Kuna jumbe nyingine mia mbili juu yake, hakuna hata mmoja alioujibu. Nikajibu mimi, nikamwambia aliyeutuma aje leo."

"Wa nani?"

Redempta akageukia mlangoni, ambako watu walikuwa wanapisha njia.

Bajaji ilikuwa imesimama barazani. Kikongwe mwembamba, mwenye rozari shingoni, alikuwa anashuka kwa kushika mabega ya dereva, na mkono mwingine amekumbatia galoni ya asali. Viatu vyake vilikuwa vyekundu kwa vumbi la reli. Vijana wakamwamkia, shikamoo bibi, naye akawaitikia mmoja mmoja, marahaba, marahaba, huku akitafuta kwa macho.

Mzee Melkizedeki akainuka kumpisha benchi. Kikongwe akakataa kwa kichwa. Alikuwa amekwisha kuiona meza yenye kitambaa cheupe.

Kalamu ya Calist ilisimama katikati ya jina.

Kikongwe akasogea mpaka mezani, akaweka galoni yake juu ya vitabu, akajifuta uso kwa pindo la kanga.

"Mnisamehe kwa kuwakatiza," alisema. "Mimi naitwa Cecilia, nimetoka Itigi. Nimeambiwa humu mna kitabu cha mwanangu kinachosema nimekufa. Nimekuja anisomee mwenyewe."